Zamu Yetu ya Jumatano

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanajua kwamba siku ya Jumatano, kipindi cha nne kikiisha, hawanioni tena. Mkuu wa shule naye anajua, na ratiba ilishapangwa hivyo baada ya mimi na yeye kununiana karibu muhula mzima. Jumatano moja ya hivi karibuni nilikuwa nimebakiwa na robo saa ya kipindi, nikaandika ubaoni neno moja la Kiingereza, turn, nikawaambia wanitajie maana yake. Mmoja akasema kugeuka. Mwingine akasema zamu. Wa nyuma kabisa akasema kona, kama zile za kupandia milimani kutoka Mombo. Nikaandika. Nikaongeza kupindua, kama unavyopindua udongo kwa jembe. Nikaongeza kuchacha, maana hata maziwa yakichacha Waingereza hutumia neno hilohilo. Kutimiza miaka. Kutokea mahali ambapo hukutarajiwa, ukilitia kijineno nyuma. Kukataa, ukilitia kingine. Ubao ukajaa, na binti mmoja wa dawati la mbele, mwenye adabu zake, akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, sasa kwenye mtihani tuandike maana ipi?"

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Siku nyingine ningemjibu neno ambalo ningelijutia njiani. Lakini swali lile niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe nikiwa na miaka tisa, nimekaa kwenye ukingo wa mfereji, na aliyenijibu alikuwa baba yangu. Nikamjibu binti yule kama baba alivyonijibu: "Andika ile inayokaa vizuri hapo ilipo." Kengele ikalia. Nikachukua mkoba wangu na mabuti yangu ya mpira, nikatafuta pikipiki ya kunipandisha kijijini.

Baba yangu ni mkulima wa bustani. Kabichi, karoti, maharage, na miti michache ya mapeasi ambayo kila mwaka anatishia kuikata na kila mwaka haikati. Shule aliishia darasa la nne. Ila ujanani alifanya kazi kwenye bustani ya misheni, kule Gare, na padre mmoja mgeni alipokuwa anarudi kwao akamwachia kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili. Mchwa walishaionja kabla haijafika kwake, kwa hiyo kamusi yetu ilianzia herufi C na kuishia W. Ndiyo maana wenzangu wote darasani walianza Kiingereza na apple, mimi nikaanza na cabbage.

Kamusi hiyo hatukuisomea nyumbani. Tuliisomea kwenye mfereji, tukisubiri zamu yetu ya maji. Mfereji wetu unatoka kwenye banio, pale maji ya mto yanapozibwa, huko juu msituni, unashuka ukizunguka mlima, na nyumba kama ishirini zinaunywa kwa zamu. Yetu ilikuwa Jumatano, kuanzia adhana ya adhuhuri hadi adhana ya alasiri. Sisi Wakatoliki wa kuamshwa na kengele, kabichi zetu zilikunywa kwa adhana, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu muadhini huwezi kumdanganya na saa mbovu. Baba alifika mapema makusudi, akakaa chini, akatoa kamusi ndani ya mfuko wa plastiki, akaniambia, "Haya, tusome kidogo kabla ya zamu."

Turn lilikuwa neno lake. Lilichukua karibu ukurasa mzima, maana zimepangwa kwa namba, na yeye alizipitia zote akifuatisha kwa kidole chenye udongo. "Tazama, mwanangu," aliniambia. "Kuna mtu alikaa akaona kwamba kona, na zamu, na kupindua shamba ni kitu kimoja. Huyo mtu hakuwa mwalimu. Huyo alikuwa mkulima." Nikamuuliza sasa maana ya kweli ni ipi, naye ndipo aliponijibu lile jibu. Kisha muadhini akaita, baba akafunga kamusi, akaenda kufungua maji.

Basi, yaliyonifanya niandike haya yalianza mwaka ambao miguu ya baba iligoma. Masika ile ilinyesha kupita kiasi, na baba akaanza kwa kusema goti linauma, akaishia kutotoka uani. Macho nayo yalikuwa yameanza ukungu. Alikaa barazani amejifunika blanketi, akawa anamwuliza mama kila Jumatano kama maji yamefika, na mama, ambaye alikuwa anamwagilia peke yake na umri ule, alikuwa anamjibu yamefika hata siku ambayo wa juu wameyachelewesha.

Kwetu sheria ya mfereji ni moja. Mvua zikiisha, kabla ya kiangazi, kunakuwa na msaragambo, yaani kazi ya wote ya kuusafisha mfereji kuanzia kwenye banio hadi mwisho. Kila nyumba inatoa mtu na jembe. Nyumba isiyotoa mtu, zamu yake inahamishiwa kwa mwingine, na ikishahama kurudi ni kazi, hata uwalilie. Kaka zangu ni wawili, mmoja yuko Muheza kwenye biashara ya machungwa na mwingine yuko Dar, wote wakasema tutakuja, na mimi nazijua hizo tutakuja zao. Mzee wa mfereji, ambaye ndiye anayesimamia zamu, alipita kwa baba akamsalimu vizuri, akakaa, akanywa chai, halafu akasema kwa upole, "Mzee mwenzangu, pumzika. Umefanya kazi. Jumatano tutampa kijana mmoja hapo chini ana watoto wadogo."

Mama ndiye aliyenipigia simu kunieleza. Akasema baba yako hajala tangu jana. Nikasema kwani kabichi zitakufa, si tutanunua mboga sokoni kama watu wengine? Mama akasema, "Wewe umesoma lakini huna akili. Baba yako hajali kabichi. Mtu asiye na zamu si mtu wa mfereji huu. Watakuwa wanampitia hapo barazani kama wanapita kaburi."

Nililia, nisiseme uongo. Nililia nikiwa nimesimama jikoni kwangu Lushoto mjini, kwenye nyumba ya mume wangu ambako maji yanatoka bombani na hakuna anayemsubiri mwenzake. Nikamwambia mama, mwambie baba nakuja mimi na jembe.

Sasa hilo nalo lilikuwa jambo. Wanawake wa kwetu wanalima tangu dunia iumbwe, wanabeba, wanapalilia, wanamwagilia, lakini siku ya msaragambo wa mfereji kazi yao ilikuwa kupika makande ya wafanyakazi. Na binti akishaolewa, wanasema amekuwa mtu wa mfereji mwingine. Nilifika Ijumaa jioni. Nikamwamkia baba, akaitikia marahaba, akanishika mkono akaukagua kiganja kama anakagua mbegu. "Laini," akasema. "Chaki hii." Halafu akanipa maelekezo, mafupi: nianzie pale juu ya shamba letu, nisiache majani, nisiache tope, na jiwe lolote nitakalolikuta katikati ya njia ya maji nilitoe. Nikamwuliza, lolote? Akasema, "Lolote."

Asubuhi ilikuwa na baridi ile ya mwezi wa sita na ukungu umelala hadi kwenye migomba. Wanaume walinisalimu Onga makeo, wakanitazama jembe, wakatazamana. Mmoja wao, Mzigua wa Handeni aliyeoa kwetu, na kwa hiyo ni mtani wa kijiji kizima, hakuweza kunyamaza. "Jamani Wasambaa mmeisha! Wanaume mmebaki kupikiwa tu, sasa mnaletewa hadi mwalimu awaandikie mfereji ubaoni?" Nikamwambia yeye aliyekimbia njaa ya kwao tambarare akaja kuolewa huku mlimani ndiye wa kunyamaza. Wakacheka sana, hata mzee wa mfereji, na baridi ikapungua. Ila mzee wa mfereji aliponihesabu, alinihesabu kwa kunitazama kidogo tu, kisha akasema tutaona mpaka mchana.

Nilifanya kazi, wallahi, ingawa kiapo hicho si cha kwetu. Mgongo uliniuma, viganja vikatoka malengelenge. Nilikata majani, nikatoa tope, nikapindua kingo. Maji yalikuwa yamefungwa kule kwenye banio, mfereji mkavu, na nilipofika pale kijifereji cha shamba letu kinapochepuka, nikakuta jiwe. Limekaa katikati kabisa, limefunikwa na tope na kuvu, kubwa kama nusu mfuko wa saruji. Mafuriko haya, nikawaza. Nikamwomba jirani mtaimbo, nikalichokonoa kwa nusu saa, likang'oka, nikalisukuma likabingirika hadi kwenye migomba. Nilijisikia vizuri mno. Nikasimama pale nikijifuta jasho, nikitamani kila mtu anione.

Mchana wakafungua maji yaje kidogo ya majaribio. Yalikuja meusi, yamebeba majani, yakafika pale nilipokuwa nimesimama, yakageukia shambani kwetu yote. Yote, nasema. Hata tone halikwenda chini. Baada ya muda tukasikia watu wa chini wakipiga kelele, mwingine akipanda anakimbia, akisema chini hakuna maji ya ng'ombe, msikitini hakuna maji ya kutawadhia, kuna nini huko juu? Mzee wa mfereji akaja, akatazama, akatazama tena, akaniuliza taratibu, "Mwalimu, jiwe la mgawo liko wapi?"

Kila mwanamume pale alilijua jiwe lile. Ndilo linaloyagawa maji: mwenye zamu apate yake, na sehemu ndogo iendelee kushuka kwa ajili ya kunywa na mifugo na ibada. Wamelikuta wakiwa watoto, wakati wa misaragambo, mfereji ukiwa mkavu. Mimi nimekaa kwenye ukingo ule utoto wangu wote, ningeweza kukutajia kila mmea wa pale, lakini sikuwahi hata mara moja kuuona mfereji ule bila maji. Siku ukikauka, mimi nilikuwa jikoni na mama nikitwanga mahindi ya makande. Nilikuwa naujua ukiwa umejaa tu.

Wakalitafuta kwenye migomba, wakalirudisha. Wakaliweka. Maji yote yakaenda chini. Wakaligeuza. Yote yakarudi kwetu. Mzigua akajaribu, mtu wa juu akajaribu, wakalilaza, wakalisimamisha, wakabishana, mmoja akasema uso wake ulikuwa hivi, mwingine akasema hapana, hivi. Mimi nimesimama pembeni na matope hadi kiunoni, natamani ardhi inimeze. Ile zamu niliyokuja kuiokoa nimeiua kwa mtaimbo. Hatimaye mzee wa mfereji akasema kwa sauti ya chini, "Jiwe hili lililetwa na babu yake mwalimu. Na mwaka ule wa mafuriko lilipohama, ni baba yake mwenyewe aliyelirudisha. Hakuna mwingine." Wakatazamana. Kisha wawili wakaondoka kwenda kumchukua.

Walimleta kwenye kiti cha barazani, mmoja huku na mmoja huku, kwenye kile kinjia cha migombani ambacho hata mbuzi hukilalamikia. Blanketi limemvuka bega. Kila aliyekuwa pale aliacha jembe. Shikamoo mzee, shikamoo mzee, na yeye marahaba, marahaba, hajakosea hata sauti moja, anamtaja kila mtu kwa nyumba yake. Akauliza nani amelitoa. Wakasema binti yako. Akasema, "Ah," basi.

Akakunja suruali. Wakamshusha ndani ya mfereji, akakaa kwenye maji yale ya baridi kama mtoto anayeogeshwa, na mimi nikasogea karibu, maana kifua chake hakistahimili baridi. Hakulitazama jiwe, macho yenyewe hayangemsaidia. Alilipapasa. Halafu akaniita. "Ingia." Nikaingia. "Weka mikono chini ya yangu." Nikaweka. Viganja vyake vilikuwa vigumu na vyepesi. Akanipeleka vidole hadi upande wa chini wa jiwe, ambako kuna kishimo kidogo, kidole gumba kinaingia sawasawa. "Hapa," akasema kwa Kisambaa, taratibu, kila mtu akisikia. "Kishimo hiki kiangalie mlimani. Usilisukume. Liache lenyewe litafute mahali, wewe lishike tu lisidanganyike." Tukalishika. Nililisikia, kwa kweli nililisikia, likitikisika kidogo, likizama kwenye changarawe, likatulia. Sauti ya maji ikabadilika. Baba akainua kichwa, akasikiliza, akatikisa kidole kimoja, tukalisogeza kwa upana wa kucha. Sauti ikabadilika tena.

Tukasubiri. Hata Mzigua akatega sikio. Kisha kutoka chini, mbali, mtu akaita: yamefikaaa!

Mzee wa mfereji alikohoa. Alikuwa na daftari lake la zamu kwenye mfuko wa koti, akalitoa, akalirudisha bila kulifungua. "Jumatano ibaki ilipo," akasema. "Huyu kijana wa chini tutamtafutia Jumamosi asubuhi." Halafu akanigeukia. "Lakini mwalimu, wewe ndiye uliyeonyeshwa. Ukisema una vipindi, sisi hatutaelewa." Nikasema nimesikia, mzee. Wakapakua makande. Baba alikula sahani mbili, mbele yao, na kijiko cha mwisho akakipangusa kwa kidole.

Tuliporudi nyumbani nilikuwa natetemeka kwa baridi na kwa aibu. Mama alinivua mabuti uani, akanipa khanga kavu, akaanza kucheka peke yake. Nikamwambia mama, usinicheke, nimekosea mbele ya kijiji kizima, kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia habari za jiwe?

Mama akanikazia macho. "Ijumaa usiku nilimwambia akuambie. Nilimwambia, huyu mtoto hajawahi kuuona mfereji mkavu, atalitoa. Akaniambia nyamaza. Akasema, 'Nikimwambia, mimi nitabaki hapa barazani.'"

Nilisimama nikiwa na khanga mkononi. Yaani mzee yule, na miguu ile, na kifua kile, aliweka maji ya nyumba ishirini na ng'ombe wao na udhu wao juu ya mtaimbo wangu! Na mimi ndiye niliyefanywa mjinga! Hasira ilinipanda hadi kwenye masikio. Nikaenda ndani kwa miguu mitupu, nimejiandaa, maneno yote yamepangwa, nimwambie baba heshima ni heshima lakini hili hapana.

Alikuwa amekaa kitandani, miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto yenye chumvi. Kamusi iko karibu naye, haiwezi tena kumsaidia kitu, lakini mkono umeiegemea. Miguu ile ilikuwa myembamba. Sikuwa nimeiona siku nyingi. Alinisikia nikiingia, akasema bila kugeuka, "Lilikuwa zito?"

Nikasema, "Nusu saa nzima, baba. Na mtaimbo."

"Mimi lilinichukua asubuhi nzima, mwaka ule wa mafuriko," akasema, na nikasikia kwamba anatabasamu.

Maneno yangu yote yakaniponyoka. Nilimpenda sana mtu yule, pale, kuliko nilivyowahi kumpenda. Nikapiga magoti, nikatoa mguu mmoja kwenye beseni, nikaanza kuukausha kwa ile khanga, kidole kimoja kimoja. Aliniachia. Nilipofika kwenye mguu wa pili aliweka kiganja chake kichwani pangu, kikiwa bado na baridi ya mfereji.

"Jumatano usichelewe," akasema.